Ni Utani Tu, Anko

Dada yangu alinipigia simu saa nne usiku, saa ambayo kwetu simu huleta habari ya mgonjwa au ya msiba. Safari hii hapakuwa na mgonjwa. Mwanawe wa kidato cha tatu alikuwa ameweka picha ya Hitler kwenye profaili yake ya WhatsApp, Hitler aliyevishwa miwani ya jua na cheni ya dhahabu, na kwenye grupu la darasa alikuwa anarusha stika za saluti na vichekesho vya tanuri la gesi. Chini ya mto wake kulikuwa na kitabu cha vifaru vya Kijerumani. Majina ya majenerali wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa anayajua kuliko majina ya baba zake wakubwa.

"Mdogo wangu, niambie ukweli," akasema. "Huyu mtoto yuko sawa kichwani?"

Nilimwambia alale, Jumamosi nitakuja. Jumamosi nikamkuta kijana uani anaosha vyombo. Akanipa shikamoo yangu, nikaitikia, tukaongea habari za mpira, na nilipoigusia ile picha akacheka kidogo, akakung'uta mikono. "Ni utani tu, anko."

Maneno hayo nimeyatafuna tangu siku ile. Wazazi wengi wameyasikia, walimu pia, na wapo vijana wanaojiambia wenyewe usiku, baada ya kucheka jambo ambalo asubuhi linawatia haya. Swali la dada yangu linastahili jibu pana kuliko ndiyo au hapana. Kwa bahati nzuri, sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya neno alilolitumia kijana mwenyewe: utani.

Kuvutiwa si ugonjwa

Basi likipinduka barabarani, magari yanayofuata hupunguza mwendo na shingo zote hugeukia upande mmoja. Waliomo si watu wabaya. Kifo kimepita jirani nao, wanataka kukiona sura kabla hakijawafikia. Unazi ni basi lililopinduka katikati ya Ulaya likiwa limejaa watu waliosoma. Kati ya mwaka 1933, Hitler alipofanywa kansela wa Ujerumani, na mwaka 1945, nchi yenye vyuo vikuu vya sifa, madaktari bingwa na wanamuziki wanaoheshimiwa dunia nzima iliwaua Wayahudi milioni 6, na pamoja nao Waroma, walemavu, mateka wa Kisovieti na wengine wengi, kwa mamilioni. Asiyejiuliza iliwezekanaje ndiye wa kushangaza. Kijana anayekesha na kitabu cha vita ile anafanya kazi ambayo akili yake iliumbiwa.

Lipo jambo la pili. Ule uzuri unaowavuta vijana, sare nyeusi za kikosi cha SS, bendera ndefu, maelfu ya watu waliosimama kwa mistari iliyonyooka kama shamba la mkonge, ulitengenezwa kwa makusudi. Mwezi Machi 1933 Joseph Goebbels alipewa wizara nzima ya propaganda. Mbunifu wa majengo Albert Speer alizipanga taa kubwa za kusakia ndege usiku, zikasimamisha nguzo za mwanga angani juu ya mkutano wa chama cha Nazi huko Nuremberg. Leni Riefenstahl akapewa fedha na wapiga picha wengi, akaugeuza mkutano wa mwaka 1934 kuwa filamu iliyoonyeshwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo kijana akikuambia gwaride lile linamsisimua, usimdhanie ana pepo. Amevutwa na chambo kilichofungwa na wavuvi hodari. Mfundishe kuuliza swali moja tu: kamera ilipokuwa inaangalia gwaride, ilikuwa imekipa mgongo kitu gani? Kambi ya mateso ya Dachau, karibu na Munich, ilikuwa imefunguliwa tangu Machi 1933. Katika filamu ile haionekani.

Wapo pia watu ambao mawazo haya huwajia bila kualikwa. Mtu yuko msikitini au kanisani, au yuko katikati ya mazungumzo ya heshima, ghafla kichwani panapita kichekesho kibaya kuhusu kambi za mauaji, naye anatetemeka akidhani amekuwa shetani. Huyu namwambia atulie. Wazo linalopita si nia, na anayelishtukia wazo lake mwenyewe si mtu wa kuogopwa. Likirudi kila siku, likakunyima usingizi na kukufanya ukwepe watu, basi lichukulie kama ungelichukulia jino linalouma: nenda ukamwone daktari au mshauri wa afya ya akili, useme bila kuficha. Wameshasikia makubwa kuliko hayo.

Jibu la kwanza kwa dada yangu, basi, lilikuwa jepesi. Kuvutiwa na habari za Wanazi ni jambo la kawaida. Kazi ngumu iko kwenye kicheko.

Utani una sheria zake

Sisi tunaosema "ni utani tu" tunasahau kwamba kwetu utani haukuwa kitu kidogo. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Wanyamwezi walipita na misafara yao hadi pwani wakapata watani njia nzima. Watu waliouana, au ambao wangeweza kuuana, walikaa wakatengeneza mlango wa kucheka ili wasirudi kwenye mikuki.

Na mtani haogopi kifo. Huja msibani akavaa nguo za marehemu, akaigiza mwendo wake, akalala njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Wafiwa hucheka huku machozi yanatiririka. Mgeni akiona tukio lile atasema watu hawa wamekosa adabu. Hajaona kilichotangulia: huyo mtani anayejigaragaza ndiye aliyeamka alfajiri kuchimba kaburi, na ndiye atakayebaki kuosha masufuria watu wakishaondoka.

Nikitazama vizuri naona sheria tatu. Ya kwanza, unayemtania anaweza kukujibu, leo yeye na kesho wewe. Ya pili, unamjua: huwezi kuigiza mwendo wa marehemu ambaye hukuwahi kumwona akitembea. Ya tatu, una deni kwake. Kicheko chako umekilipia kwa jembe. Zikivunjwa sheria hizo jina hubadilika, panabaki kejeli, na mababu walikwisha kutuonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Nilimpa mpwa wangu sheria hizo tatu apime stika zake nazo. Wewe pia unaweza kuzitumia, hata kwa kichekesho ulichokipenda.

Anachekwa nani?

Chukua kichekesho hiki. Hitler na Göring, mkubwa mwenzake wa chama, wamesimama juu ya mnara wa redio wa Berlin. Hitler anasema angependa kuwafurahisha watu wa mji huu. Göring anamjibu: basi si uruke? Mwanamke mmoja mfanyakazi wa kiwanda cha silaha mjini Berlin alikisimulia kazini wakati wa vita. Mfanyakazi mwenzake akamchongea, akapelekwa kwenye ile mahakama waliyoiita Mahakama ya Watu, akahukumiwa kufa. Hicho ni kichekesho kuhusu Unazi, na sioni aibu kukirudia hapa. Aliyechekwa ndiye aliyekuwa ameshika panga.

Charlie Chaplin naye alimgeuza Hitler kuwa kichekesho katika filamu ya The Great Dictator mwaka 1940. Lakini baadaye, katika kitabu cha maisha yake, alikiri kwamba angeyajua ya ndani ya kambi zile asingeweza kuitengeneza. Bingwa mwenyewe wa vichekesho alifika mahali akaona hapa ndipo mpaka wa kazi yangu. Aliyefika hapo anaujua msiba.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1934, katika sherehe za kanivali mjini Köln, lilipita gari lililopambwa, limebeba wanaume waliojivika kama Wayahudi wanaofungasha kuhama, na maandishi ya kuwatangaza kuwa ndio wa mwisho kuondoka. Watu walisimama kando ya barabara wakacheka, watoto wakiwa mabegani mwa baba zao. Ilikuwa kanivali, msimu wa kila mtu kumtania kila mtu. Lakini Myahudi wa Köln hakuwa na gari lake la kuwajibu. Oktoba 1941 treni zikaanza kuwachukua watu wa mji huo kuwapeleka mashariki. Sisemi kwamba kicheko kile ndicho kilichoendesha treni. Ila jirani aliyekwisha kukucheka ukiondoka kwa mfano hapati shida sana kukutazama ukiondoka kweli.

Wapo waliolijua hilo na kulifanya kazi. Julius Streicher alianzisha gazeti la Der Stürmer mwaka 1923, likawa maarufu kwa katuni zake za Wayahudi wenye pua kubwa na macho ya tamaa. Liliwekwa kwenye masanduku ya vioo mitaani ili hata asiyenunua alione. Kampuni yake ya uchapishaji ilitoa mwaka 1938 kitabu cha picha cha watoto kilichowafananisha Wayahudi na uyoga wenye sumu. Streicher hakuongoza kambi yoyote ya mauaji. Baada ya vita Mahakama ya Nuremberg ilimhukumu kwa kalamu yake, akanyongwa tarehe 16 Oktoba 1946.

Na usidhani hayo ni ya Wazungu peke yao. Redio RTLM ya Kigali, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993, ilipendwa kwa sababu ilikuwa inachekesha. Ilipiga muziki wa Kongo, watangazaji wake walizungumza kama watu wa kijiweni, na katikati ya vicheko wakawaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Mwaka uliofuata mende hao waliuawa kwa mapanga kwa siku 100 hivi, nao walikuwa watu. Kesi ya vyombo vya habari vya Rwanda ilisikilizwa hapa kwetu Arusha, hukumu ikatoka Desemba 2003, na majaji waliikumbuka hukumu ya Streicher. Kutoka Nuremberg hadi Arusha sheria imeshasema mara mbili kwamba si kila anayeleta mzaha ana mikono misafi.

Kwa hiyo kipimo ni hiki: anachekwa nani? Kichekesho kikimvua nguo dikteta, cheka. Kikimvua nguo mtoto aliyesukumwa kwenye chumba cha gesi, huyo hana namna ya kukujibu, na wewe hukumchimbia kaburi.

Sababu zetu za nyumbani

Kijana wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura hachezei Unazi kwa sababu zilezile za kijana wa Ulaya. Ni vizuri mzazi azijue, asije akafyeka shamba la jirani.

Kwanza ni umbali. Neno lenyewe limeshapoa kinywani mwetu. Katika soka letu, mnazi wa Simba au mnazi wa Yanga ni shabiki kindakindaki, na mtu hujisifia unazi wake redioni bila kumkwaza yeyote. Shuleni kwetu mwalimu wa zamu aliyetembea na fimbo mbili tulimwita Hitler, na wala hatukuwa tukimwaza Myahudi wala Mroma. Neno likisafiri mbali na kaburi lake huwa jepesi. Kwa makosa ya namna hii viboko havihitajiki, yanahitaji kuelezwa.

Pili ni ile kauli ya kijiweni: "Yule jamaa alimtikisa Mwingereza." Kweli, vita vile viliwachosha wakoloni, na askari wetu wa Keya waliopelekwa kupigana Uhabeshi na Burma walirudi wakijua kwamba Mzungu naye huvuja damu. Lakini aliyemtikisa Mwingereza alitaka kukaa kwenye kiti chake. Chama cha Nazi kilikuwa na ofisi maalumu ya kudai makoloni, chini ya Franz Ritter von Epp, ofisa aliyekuwa vitani Namibia Waherero walipokuwa wakiangamizwa. Matawi ya chama hicho yalikuwepo Tanganyika kwenyewe, miongoni mwa walowezi wa Kijerumani. Na yule kijana aliyenunua Mein Kampf kwenye meza ya vitabu vya mitumba akidhani ni kitabu cha mbinu za mafanikio, afungue asome. Humo mwandishi anamweka mtu mweusi daraja la nusu nyani, na anaona ni wazimu kumsomesha hadi awe mwanasheria. Anayekipenda kitabu kile amemlipa mtu amtukane.

Tatu, kuna hoja nzito zaidi: mbona Wazungu wanalia na Hitler tu, na waliouawa kwenye vita vya Maji Maji nani anawalilia? Hoja hiyo ina ukweli, na mwenye kuisema vizuri alikuwa Aimé Césaire wa Martinique. Mwaka 1950 aliandika kwamba Ulaya ilishtuka kwa sababu Hitler aliwafanyia Wazungu yale yaliyokuwa yakifanyiwa Waarabu, Wahindi na Waafrika. Lakini tazama Césaire alikoipeleka hoja hiyo. Hakusema basi tucheke. Alisema ni ugonjwa mmoja, tuutambue kila unapotokea. Ukiwa na uchungu wa Maji Maji, uchungu huo unakufanya ndugu wa Myahudi wa Warsaw, haukupi tiketi ya kumcheka.

Nne, tena hili wengi wanalisema kwa hasira, ni Palestina. Mtu akiona picha za Gaza husikia damu inachemka, na kwenye grupu anaandika kwamba Hitler angemaliza kazi. Namwambia ndugu huyo kwamba huruma yake ni ya kweli lakini ameikabidhi kwa mshenga mbaya. Agosti 1942 daktari na mwandishi Janusz Korczak alitembea mitaani Warsaw pamoja na watoto yatima karibu 200 aliokuwa akiwalea, hadi kwenye treni ya kwenda kambi ya mauaji ya Treblinka, akakataa kuwaacha. Taifa la Israeli lilikuja kuundwa mwaka 1948. Watoto wale walikuwa na deni gani? Anayelilia watoto wa mahali pamoja asitamani kuuawa kwa watoto wa mahali pengine, ama sivyo machozi yake yatakosa wa kuyapokea.

Halafu tuna somo letu wenyewe. Septemba 1972 Idi Amin wa Uganda alimtumia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa simu ya maandishi akimsifu Hitler kwa kuwachoma Wayahudi. Nje ya Afrika magazeti yalimfanya Amin kuwa mchekeshaji: nishani zake, vyeo vyake, vituko vyake. Waganda hawakuona cha kuchekesha, wala Watanzania majeshi yake yalipovuka mpaka Kagera mwaka 1978. Watu wengine wanapomcheka muuaji kama kikaragosi, wao wako mbali, na kuna mtu mwingine aliye karibu anayelipa.

Mtoto wa Dar es Salaam

Jumamosi ile sikumsomea mpwa wangu takwimu. Milioni 6 haiingii kichwani mwa mtu mzima, sembuse kijana. Nilimsimulia habari za mtu mmoja.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, jina lake Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na vita ya 1914 ilipoanza mtoto huyo, umri wa miaka 10 hivi, akaingia jeshini pamoja na baba yake. Alijeruhiwa, akatekwa na Waingereza. Baadaye akafanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai malimbikizo ya mshahara wa baba yake na wa kwake. Serikali ikamwambia amechelewa. Akabaki hukohuko kwa jina la Bayume Mohamed Husen, akawa mhudumu wa mgahawa, akaoa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu cha Berlin. Ndiyo, Kiswahili hiki. Aliwafundisha watu waliokuwa wakiota kurudi kututawala.

Aliigiza pia katika filamu nyingi. Ya mwisho, ya mwaka 1941, ilikuwa ya kumtukuza Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mtoto wa Dar es Salaam akavalishwa nguo za mtumishi na mwongoza njia wa Mkono wa Damu, akasimama mbele ya kamera. Mwaka huohuo polisi wa siri walimkamata kwa kosa la kuwa na mahusiano na mwanamke mweupe. Hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Tangu mwaka 2007 kuna kijiwe cha shaba kwenye barabara ya Berlin kilichoandikwa jina lake, mahali alipokuwa akiishi.

Kijana alinyamaza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo alikuwa anaongea kama sisi?"

Alikuwa anaongea kama sisi. Huenda alitania kama sisi.

Dalili za kutazama

Wazazi wanataka kujua udadisi unageuka wapi kuwa kitu kingine. Mwaka 2017 ulivuja mwongozo wa waandishi wa tovuti moja ya Wanazi mamboleo wa Marekani. Uliwaelekeza waandike kwa namna ambayo mgeni asiweze kutambua kama wanatania au wanamaanisha. Hiyo ndiyo mbinu yao: kicheko ni mlango, ukikasirika wanasema huna ucheshi, usipokasirika umeingia. Yule aliyewaua waumini 51 kwenye misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, siku ya Ijumaa tarehe 15 Machi 2019, aliyajaza maandishi yake vichekesho vya mtandaoni, huku akirusha mauaji yenyewe moja kwa moja. Vijana wetu Waislamu wanaocheka saluti zile wajue wenye saluti wanawaweka wapi.

Tazama basi mambo haya. Kichekesho kimeanza kufuatwa na "lakini walikuwa na hoja". Idadi ya waliouawa imeanza kupunguzwa au kukanushwa. Mwanao amepata marafiki wapya wa mtandaoni asiotaka uwajue, na lugha yake kuhusu kabila fulani, dini fulani au walemavu imekuwa ya dharau hata nje ya mzaha. Ametumia namba kama alama: 88 husimama badala ya salamu ya Hitler, kwa kuwa H ni herufi ya nane, na 14 hudokeza kauli ya maneno 14 ya wabaguzi weupe. Usikurupuke hapa, maana mtoto mwenye jezi namba 14 ni mchezaji tu. Vilevile ukiona swastika kwenye mlango wa hekalu la Wahindu au duka la jirani yako siku za Diwali, ile ni alama yao ya heri ya tangu kale, Wanazi waliichukua wakaifanya ya mauaji. Ya Kinazi kwa kawaida huwa nyeusi, imeinamishwa, ndani ya duara jeupe juu ya wekundu.

Dalili moja peke yake haitoshi. Zikikutana tatu, kaa na mwanao.

La kufanya

Usianze kwa kunyang'anya simu. Simu ikinyang'anywa, kichekesho kinahamia kwenye simu ya rafiki na wewe umepoteza mlango. Anza kwa kuomba aeleze: "Hebu nifafanulie hiki, kinachekesha wapi?" Kichekesho kibaya hakivumilii kufafanuliwa. Mwenye nacho huanza kukwama mwenyewe katikati ya sentensi.

Usiharibu udadisi wake, ulishe. Mwache asome habari za vifaru, kisha mwongezee habari za treni. Akijua jina la jenerali, ajue pia kwamba kwenye kambi ya Auschwitz walikufa watu wapatao milioni 1.1, na kwamba tarehe 27 Januari, siku jeshi la Kisovieti lilipoifungua mwaka 1945, ndiyo siku ya dunia ya kuwakumbuka. Kama mko Arusha, mwoneshe mji ambamo mauaji ya Rwanda yalihukumiwa. Mpe mtu mmoja mwenye jina. Mtu mwenye jina hachekeki kirahisi.

Kwa kijana unayesoma haya mwenyewe: kabla hujatuma, mweke mwenye msiba mbele yako. Ungekisema kichekesho hicho mbele ya bibi aliyeokoka Auschwitz, au mbele ya Mnyarwanda aliyebaki peke yake katika ukoo? Ukiona utakimeza, basi kimeze tu. Na kama umeshatuma ukajuta, futa, omba radhi aliyeumia, endelea na maisha. Kosa la mdomo halikufanyi Mnazi. Kulitetea mwaka mzima ndiko kunakokusogeza.

Kwa ndugu zetu walioko au wanaokwenda Ujerumani kusoma na kufanya kazi: huko saluti ya Kinazi na alama zake hadharani ni jinai, kifungo chake hufika miaka 3. Agosti 2017 watalii wawili walikamatwa Berlin kwa kupigana picha wakipiga saluti mbele ya bunge. Nyumbani nako Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inagusa maandishi ya ubaguzi wa rangi na ya kukana mauaji ya kimbari, na Kenya ina sheria yake ya utangamano ya mwaka 2008 dhidi ya kauli za chuki. Polisi hawana kitufe cha "ni utani tu".

Jioni ile nilimpigia dada yangu nikiwa kwenye daladala.

"Yuko sawa," nikamwambia. "Alikuwa anatania kwenye msiba ambao hajui wafiwa ni nani."

"Na sasa anawajua?"

"Anamjua mmoja," nikamjibu. "Tuanzie hapo."